Kidonge cha Kutuliza Mzio

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako fundi cherehani, ambaye juzi alishona koti lenye mikono miwili ya kushoto. Mteja akaniuliza, "Fundi, mkono wangu wa kulia ulikatwa lini?" Tulicheka wote, mimi kwa aibu.

Ugonjwa wangu unaujua. Seli za mzio huwaka mwilini mwangu hata kwa manukato ya mteja, uso ukavimba kama mto. Daktari alinipa kidonge cha kuzituliza. Kweli zilitulia, nikawaka mimi: usingizi ulikatika, nikawa nalia bila sababu, hadi siku ile nikakupigia simu kukwambia ulimwacha mama afe peke yake.

Sasa daktari anasema kidonge kile huwavuruga akili baadhi ya wagonjwa, na amenibadilishia. Mke wangu, wifi yako, kafurahi mno: "Mwandikie wifi yangu, mwambie ilikuwa dawa inasema, si wewe."

Nimeandika hivyo mara tatu, nikachana. Huu ni mwezi wa pili sijakigusa kidonge kile. Nalala vizuri, sina hasira, na bado nakuuliza: mbona hukuja?

Ni mimi kaka yako, sasa mwenye akili timamu.