Aya Niliyozoea Kuipita Mbio

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana hata pindo la kanga siku hizi linanishinda kunyoosha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, na kwa muda mrefu nimo kwenye kundi la simu la wanawake wa ukoo wa mume wangu, tunagawana juzuu na kuhitimisha Qur'ani pamoja, na kila mara mimi ndiye wa kwanza kuandika "nimemaliza", kwa sababu msahafu nauegemeza kwenye cherehani, mguu unakanyaga, ulimi unakimbia, mteja akiingia nampima kiuno kisha narudi nilipoachia au karibu na hapo, na watu wakanisifu nami nikajiona kweli kweli. Sasa juzi mume wangu kaniletea msahafu wenye tafsiri, nikasema ngoja nichungulie maana, nikafika ile aya ya Suratul Hujurat inayokataza wanawake kuwadharau wenzao na watu kubandikana majina ya kejeli, mkono ukaganda juu ya kitambaa. Mshauri, mimi ndiye niliyembandika wifi yangu, dada wa mume wangu, jina la Mgeni Rasmi, eti kila shughuli anafika chakula kimeshapakuliwa, ingawa najua vizuri kwamba ni muuguzi na zamu hazimpi nafasi, lakini utani ulinoga, ukoo mzima ukaudaka, mpaka siku binti yangu alipomwamkia mbele za watu, "Shikamoo, Mgeni Rasmi!" watu wakaangua kicheko, na wifi naye akacheka, akasema, "Marahaba, mwanangu," akaweka sahani chini, akaondoka, na hajakanyaga kwangu tena. Mume wangu akiuliza, "Hivi dada kapotelea wapi?" najifanya natafuta sindano. Nimejaribu kuiruka sura hiyo, najikuta nimeifungua tena, nimejaribu kusoma kwa haraka kama zamani, macho yanateleza yenyewe kwenye tafsiri, silali, sili, jana nimeshonea mkono wa gauni kwenye shingo. Nikirudi kwenye msahafu wangu wa zamani usio na tafsiri, si thawabu bado nitapata?

Fundi asiyetulia

Fundi, pole, lakini ruhusa hiyo sikupi. Asiyejua maana naye ana thawabu yake, hilo silikatai. Wewe sasa unajua. Unatafuta msahafu usiokusema, dada yangu, na huo haupo. Hata ule wa zamani una aya hiyo hiyo, ila ulikuwa ukiipita mbio.

Mimi nimefurahi kwamba umekwama. Huko ndiko kuzingatia kwenyewe. Wengi wetu tukifika penye makemeo tunamkumbuka jirani, wewe umejiona mwenyewe, na si jambo dogo. Ila kukosa usingizi si toba, usijidanganye.

Na hilo la kusoma huku unakanyaga cherehani, hebu ona haya kidogo! Mteja akikusimulia msiba wake ungeendelea kumpima kiuno? Kuanzia leo funika cherehani, tia udhu, kaa pasafi, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, usome taratibu, hata ukurasa mmoja. Kundini uwe wa mwisho, hutakufa.

Lakini kwanza nenda kwa wifi yako. Nenda mwenyewe, akiwa hana zamu, usimtume mume wala usitangulize zawadi. Usithubutu kusema "ulikuwa utani tu", maana utani huo aliusikia sahani ikiwa mkononi. Mwambie ulijua yuko kazini na ukamsema hivyo hivyo. Halafu andika kwenye kundi kwamba jina lile ulilianzisha wewe na ulikosea, kwa sababu ulimwaibisha hadharani. Binti yako naye mfundishe kusema "Shikamoo, shangazi".

Huenda asikusamehe siku hiyo. Ni haki yake, utarudi tena.

Akifungua mlango, mtolee salamu, kisha mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nina hakika hujalitamka siku nyingi.