Mama na Masikio Meza Moja

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia mbiombio, furaha imenijaa hadi kalamu inateleza! Watoto wote wazima, na lile paa lililokuwa likivuja tumeliziba.

Unajua nilifanywa msimamizi wa karakana ya sare za shule, na mama akawa chini yangu. Mafundi wakongwe walilalamika kwamba vijana hawasalimii, wameziba masikio kwa muziki. Vijana nao wakasema wamechoka kufokewa. Basi nikawachanganya, mkongwe na kijana meza moja. Mama nikampa binti tunayemwita Masikio. Akanuna! Hata nyumbani akaacha kusema nami. Nililia kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Leo asubuhi naingia, nawakuta wamegawana spika za masikioni, mama moja, Masikio moja! Binti anafundishwa kugeuza kola, na mama anatikisa kichwa kwa muziki.

"Mama, kumbe?" nikasema.

"Kumbe nini, bosi? Tuletee uzi mweupe, kazi imesimama!"

Dada, kaniita bosi, mbele ya watu wote! Nilitoka mbio kwenda stoo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mdogo wako akupendaye,
Bosi wa mama