Seva Ilikuwa Nzima

Jumanne. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye meno. Nina utulivu ambao siuamini.

Saa mbili na nusu asubuhi tovuti ya foleni iliacha kujibu.

Malori yanayokwenda Zambia husubiri kwenye yadi yetu hapa Tunduma, na kila dereva ana namba. Zamani Baba Neema, mwenyekiti wa foleni, aliandika ubaoni kwa chaki namba zilizoitwa kwenda mpakani. Mimi ndiye niliyemshawishi auache ubao. Nikatengeneza tovuti, nikaweka seva ofisini, nikawaambia madereva wataona zamu zao hata wakiwa wanakula. Sharti halikubadilika: ukiitwa usipotokea, unarudi mkiani.

Nilianza kama nilivyofundishwa chuoni, kitu kimoja kwa wakati. Seva inawaka. Diski ina nafasi. Kumbukumbu zake hazionyeshi kosa lolote. Kwenye kompyuta ya ofisini, iliyounganishwa na seva kwa waya, tovuti ilifunguka mara moja. Kwenye simu yangu, hakuna kitu. Nikaizima seva na kuiwasha, mara mbili. Mara ya pili sikuwa na sababu. Nilitaka tu nionekane nafanya kitu.

Dereva mmoja alichungulia mlangoni. "Mtandao unasumbua," nikamwambia.

Neno zuri, mtandao. Halina mwenyewe.

Saa nne na robo Baba Neema aliingia, akaitazama simu yangu iliyokuwa dirishani.

"Binti, hii saa yako inasema saa tatu na robo."

Kisha akacheka. "Simu yako imevuka!"

Mtoto yeyote wa hapa analijua hilo: simu ikinasa mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma. Mimi nimezaliwa hapo Mpemba, jirani na Tunduma. Nalijua tangu nikiwa darasa la tatu. Na kando ya simu, kwenye dirisha hilohilo linalotazama Nakonde, upande wa Zambia, kilikaa kifaa kinachoipa seva intaneti. Nilikisogeza pale jana jioni, kwa sababu vijiti vya mawimbi viliongezeka. Sikujiuliza ni vijiti vya nani. Asubuhi kikahamia mnara wa ng'ambo, ambako laini yetu haina huduma.

Nikakirudisha kabatini. Dakika moja, tovuti ikafunguka.

Seva ilikuwa nzima muda wote.

Lakini dereva mmoja, Daudi, alikuwa ameitwa akapitwa na zamu. Wenzake walioegesha karibu na geti waliambiana namba kwa mdomo. Yeye alikuwa mwisho kabisa wa yadi, akiitazama simu. Alibeba nyanya zilizovunwa Jumapili. "Nyanya hazijui mtandao, dada," alisema, bila hata kupandisha sauti.

Madereva wana desturi yao: aliyekupotezea zamu anakutembeza. Mnapita lori kwa lori, anaomba yeye kwa kinywa chake urudishiwe nafasi, na mmoja akikataa, basi, unabaki mkiani.

Baba Neema aliniangalia. "Ni mtandao, au ni mtu?"

Ningeweza kusema mtandao. Hakuna kumbukumbu ya seva ambayo ingenisaliti.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisogeza kifaa."

Mbele yake yalikuwa malori kumi na manne. Niligonga milango kumi na minne.

"Eeh, dada wa kompyuta! Leo umeshuka huku kwenye vumbi?"

"Si ndiye aliyetunyang'anya ubao huyu?"

Nilirudia maneno yaleyale kila mlango. Dereva wa kumi na nne alikuwa mzee anayetafuna muwa. Aliyatema makapi kwanza.

"Ubao wetu, mwanangu, haukuwahi kuvuka mpaka."

"Ni kweli, baba."

"Mpitishe. Ila urudishe ubao."

Daudi alivuka saa saba mchana. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu.

Sasa ni jioni, upepo umetulia. Nimeufuta ubao na kuusimamisha getini. Kuanzia kesho kila namba itakayoitwa na seva nitatoka kuiandika kwa chaki, kwa mkono wangu.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kama Baba Neema asingeuliza, ningesema?

Jibu ninalo. Ndiyo maana nimeandika swali, si jibu.