Jina Langu Kwenye Jiwe la Baldemar

San Antonio, Texas
9 Novemba

Kwako comadre wangu Herlinda, mama wa ubatizo wa binti yangu Maricela,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Laredo limeyatuliza magoti yako. Mwanao Rubén bado anakupeleka misa, au umeshamchosha? Mimi nipo. Moyo umechoka, maji yamejaa miguuni, na daktari ameacha kuzungumzia mwaka ujao. Maricela amehamishia kitanda chake chumbani kwangu. Sina maumivu. Hata hofu sina. Nangoja tu, kama mtu aliye kwenye foleni ya duka la dawa.

Siku ya Wafu walinipeleka makaburini kwa kiti cha magurudumu. Unalijua jiwe la Baldemar: upande wake una tarehe mbili, upande wangu una jina langu, maneno "mke mpendwa", tarehe moja, na nafasi tupu. Wifi yangu Ofelia alilisugua lote kwa brashi na kulimwagia maua ya njano, kisha akanigeukia akicheka. "Vicky, nimekusafishia na upande wako. Ujizoeze, mwanamke, mwenzio anakungoja!" Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Wakampangia Baldemar vyakula vyake juu ya kaburi, tamale zake za unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, na bia. Ofelia akauliza mimi nitakuja kuwekewa nini zamu yangu ikifika. Hakusema kwa ubaya, unamjua. Maricela akajibu kuwa ni tamale hizohizo, maana Mama hula anachokula Baba. Ofelia akabisha, akasema huyu ni mtu wa kuku. Wakabishana juu ya kichwa changu, halafu wakakumbuka kuwa nipo, wakaniuliza mwenyewe. Comadre, nimefundisha watoto wa watu kusoma hadi nywele zikaniwia nyeupe, na sikujua hata ninachopenda kula. Nikasema waweke chochote.

Jibu lilinijia siku ya pili, nikiwa nafungwa vifungo vya gauni. Samaki wa kopo, kwa ndimu na pilipili. Tulikuwa tukiwala kwa vidole barazani kwako, kabla hujahamia Laredo, juu ya gazeti, alasiri zile nilipoaga nyumbani kuwa nina kikao cha walimu. Ulikuwa ukinisukumia kopo na kuniambia, "Kula, profesa, hapa hakuna mume wala mwalimu mkuu." Nilikuwa nikitukana barazani pale. Niliwahi kucheka hadi nikajikojolea, ukaniazima sketi yako, ukaniambia nirudi nayo nyumbani nione kama kuna atakayegundua. Hakuna aliyegundua. Mwanamke yule wa barazani hawajawahi kumwona, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Sitaki kuzikwa pale. Baldemar hakunikosea, hakuninyanyulia mkono, hakulewa, na mshahara wake aliuleta nyumbani. Alipokufa sikulia, na watu wakausifu uvumilivu wangu. Haukuwa uvumilivu. Nilitafuta cha kulilia sikukipata. Maisha yangu yote ya ndoa nimelala kando yake kama mgeni mwenye adabu, na sina nguvu ya kuendelea na adabu hiyo.

Uliwahi kuniambia kwamba kando ya kaburi la mama yako kuna nafasi mbili, moja yako, na moja ya dada yako, ambaye mwishowe alizikwa Monterrey. Naiomba hiyo ya dada yako. Nimemuuliza padri; akasema Kanisa halikatazi.

Aliyebaki ni Maricela. Nimeanza kumwambia mara kadhaa, nikaishia kuomba maji. Nikimwambia mimi, atanibusu kwenye paji la uso, atasema nimechoka, atanifunika blanketi, na siku ikifika atanipeleka kwa baba yake huku akilia. Wewe ndiye uliyembeba kwenye ubatizo. Kwako hawezi kusema umechoka. Mpigie simu, comadre, usingoje Krismasi. Mwambie Mama amekataa. Useme hivyo hivyo, "amekataa", maana sijawahi kukataa kitu katika nyumba hii, na angalau atashtuka kiasi cha kukusikiliza.

Nisalimie Rubén na mkewe, na jirani yako mwenye kasuku, kama mmeshapatana. Mungu akulinde. Usijisumbue kunijibu kwa maandishi. Jibu lako nitaliona usoni mwa Maricela.

Ni mimi, Vicky wako,
Eduviges