Miji Mitatu, na Liège

Jumatano, 3 Septemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote: nimeupenda mji ambao sijawahi kuukanyaga. Bruges, Ubelgiji. Maji yanapita kati ya nyumba, na milango ni ileile waliyoifungua babu za babu za wenyeji. Naona aibu. Kambi za waliokimbia vita zimejaa hapa Bunia, sisi wenyewe tulifika mtaa huu wa Shari kutoka Djugu na godoro moja, na mimi nawaza madaraja.

Lakini si ndoto tupu. Waumini wa Ubelgiji wamealika kwaya yetu kuimba wakati wa Noeli. Siku kumi. Kati ya hizo, tatu ni za kutembea, na kila mwimbaji aandike miji mitatu ya Ulaya anayoipenda. Itakayopata kura nyingi, ndiko tutakakopelekwa. Shule nimemaliza, diplome nimepata – muda wa kuchagua vizuri ninao.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimechagua. Bruges kwanza. Kisha Cologne, Ujerumani: kanisa lao kubwa lilichukua zaidi ya miaka mia sita kwisha. Walioweka mawe ya chini walijua hawataona paa. Letu la Djugu liliungua asubuhi moja. Kisha Amsterdam – sehemu kubwa ya mji iko chini kuliko bahari, na watu hawakuuhama.

Yaya Ketsia – hapa kwetu yaya ni dada mkubwa – alisoma juu ya bega langu. Ni binti wa marehemu dada ya Mama, Mama ndiye aliyemlea, tunalala kitanda kimoja. "Mudogo, weye unaenda Poto, Ulaya kule, kuangalia makanisa? Hapa yamekosa?" Nilifunika karatasi kwa mkono.

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Maestro Zacharie alisoma karatasi zetu kwa sauti. Gaël: Lille, Lille, Lille. Watu wakacheka. Maestro akauliza kuko nini Lille. Gaël akajibu kuko muzuri. Abigaël: Paris, kisha Paris tena, upande wa kaskazini. Yaya Ketsia: Liège tu. Bruges ilipata kura moja, na wote wakageuka kunitazama. Nilitamani kuingia ndani ya ngoma.

Njiani nilimuuliza yaya kuna nini Liège.

"Kuko Nathanaël."

Kaka yake. Aliondoka nikiwa bado mdogo.

"Na Lille kuko noko ya Gaël, mujomba yake. Abigaël iko na dada yake Paris. Kweli weye ulichagua kwa uzuri?"

Nikasema ndiyo. Hakucheka.

"Mi sitarudi, Adeline. Usiambie Mama."

Jumapili, 7 Septemba

Pasta ametangaza. Jumapili ijayo, kabla pasipoti hazijapelekwa Kinshasa, wazazi watasimama. Ni desturi ya kanisa letu tangu Djugu. Mtu akienda mbali, mzazi anaweka mkono juu ya kichwa chake mbele ya wote na kusema: ninamutoa, nitamupokea. Msafiri asiporudi, aliyesema hayo anakaa bila Meza ya Bwana mpaka siku atakapomwona tena.

Muzee Antoine anakaa hivyo. Binti yake alikwenda Kampala. Mkate ukipita, anatazama viatu vyake.

Mama ni shemasi. Ndiye anayebeba huo mkate. Na atasimama kwa ajili yetu wote wawili, maana yaya hana mwingine.

Jumatano, 10 Septemba

Tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, Mama na mimi. Nikaanza: Mama, kama mtu anaahidi jambo la mtu mwingine... Akasema chumvi imekwisha, niende kwa Mama Anastasie. Nilienda.

Yaya alinifuata mpaka barabarani. "Ukisema, hatasimama. Asiposimama, Pasta ananitoa mu liste ya safari. Nibaki hapa ningoje nini? Kukimbia tena?"

Nikinyamaza, Mama anapoteza Meza. Nikisema, yaya anapoteza Liège. Nimejaribu kuangalia tena picha za Bruges. Ni mawe na maji.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama ametoka sokoni na mfuko wa nguo za fripe, mitumba. Mimi: sweta ya kijani, nyembamba. Yaya: koti zito linalofika magotini, soksi za sufu, viatu virefu vya baridi. Yaya alilipokea koti, akalikunja upesi, akamrudishia Mama, akaenda uani kufua.

Nikamwambia Mama, ni siku kumi tu, mbona koti kama la askari.

"Weye, ndiyo. Siku kumi."

Akaanza kukaza kifungo cha koti. Akakata uzi kwa meno. Kisha akaniambia nilete atlasi yangu ya shule.

"Nionyeshe Liège."

Nilishika kidole chake nikakiweka. Kilifunika karibu Ubelgiji yote.

"Kumbe kadogo vile." Alikaa hivyo, hakukitoa. "Nathanaël alikuwa anakohoa sana wakati wa mvua. Kule iko nani ya kumupikia?"

"Sijui, Mama."

"Haya."

"Mama, kesho utasimama?"

"Nitasimama."

"Kwa wawili?"

"Niko na mikono ngapi?"

Sasa anapiga pasi kitambaa chake cheupe cha ushemasi. Anapita mahali pamoja mara nyingi. Yaya anaimba huko uani, sauti ya pili, ile ya Noeli. Hajui kwamba Mama anajua. Je, nimwambie? Akijua, pengine hataenda. Asipojua, ataondoka akidhani amemuibia Mama.

Yaya ananiita nimsaidie kukamua shuka. Naenda.

Wewe utakayefungua ukurasa huu siku moja, sikujui. Yaya asijue kwako. Na Pasta – tafadhali, Pasta asijue kabisa.