Mifuko Sita Uliyoiacha Kabatini

Mwaka mmoja umetimia, mama, tangu mchana ule ulipoinamia cherehani yako na sisi tukadhani umepitiwa na usingizi. Tulikuacha upumzike. Shangazi alipokuja kukuamsha upate chakula, ulikuwa umeshatutoka.

Wadogo zangu wamenipa mimi kazi ya kuandika, mwanao wa kwanza, uliyeniita Redio. Hukukosea. Saluni yangu ya kusuka ndiko habari zinakoanzia, na ukitaka jambo lifike sokoni kabla ya jioni ulikuwa unaninong'oneza mimi tu.

Tunakushukuru kwa mengi. Ulishona sare za shule za nusu ya mtaa, na mtoto akirefuka katikati ya muhula uliteremsha pindo bila kuombwa. Ulitugombeza huku umebana pini mdomoni na tulielewa kila neno. Mteja uliyemwahidi nguo Ijumaa aliipata Jumatatu, na bado alirudi.

Ulipopima ukakutwa na virusi vya UKIMWI, ulituita mezani siku hiyo hiyo ukatuambia. Kisha ukauliza kwa nini chai haina sukari.

Enzi zile kliniki ilikuwa inakula siku nzima. Watu waliacha kazi, wakapanga foleni tangu asubuhi na mapema, na wengine walichoka wakaacha dawa. Wewe na wenzako watano mliotumia dawa mkakaa kwenye chumba chako cha kushonea, mkapanga wenyewe: kila awamu aende mmoja, apimwe afya yake, na awachukulie dawa wenzake watano. Nesi mkuu alikataa. Mkamrudia mara tatu, ya nne akachoka yeye. Miaka tisa, hakuna hata mmoja wenu aliyekosa dawa. Siku hizi kliniki nzima inafanya hivyo, na wageni wakija kuuliza, nesi huyo anaeleza kama vile wazo lilikuwa lake. Tumemsamehe.

Wenzako ni akina nani hukutuambia kamwe. Mimi hasa.

Awamu ya mwisho ilikuwa zamu yako. Ulichukua dawa Jumatano, na Alhamisi ukafariki kabla hujampa mtu.

Siku ya tatu ya msiba nilifungua kabati lako kutafuta shuka la kuwatandikia wageni. Nikakuta mifuko sita midogo ya kitambaa, kazi ya mkono wako, na ndani ya kila mmoja chupa za dawa ulizozizungushia pamba zisilie njiani. Juu ya chupa palikuwa na namba tu. Wako niliujua. Mitano ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wameishiwa.

Hapo nikaelewa kwa nini baadhi ya waombolezaji hawakutaka kwenda nyumbani. Mmoja alikuwa anaosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Shangazi alishaanza kununa. "Hawa watu hawana kwao?" Kwao walikuwa nako. Hawakujua wamuulize nani, tena nyumba imejaa masikio.

Nilichukua daftari lako la vipimo, lile ambalo kila ukurasa una jina la mteja na kipande cha kitambaa chake. Mfuko wa kwanza ulilingana na ukurasa mmoja, wa pili na mwingine. Kwenye mfuko jina la mtu hukuliandika. Kila mmoja ulimshonea mfuko kwa masalio ya nguo yake. Wanne nikawapata hivyo. Kazi zao siziandiki, wala rangi za vitambaa vyao. Umeona, mama, nimejifunza.

Niliwapa mmoja mmoja, pembeni. Mmoja wao alinishika mkono. "Sikujua nikuulize vipi," akasema.

"Basi hukuniuliza," nikamjibu.

Ukabaki mfuko mmoja wa buluu nzito, na kitambaa chake hakikuwemo daftarini. Kisingekuwemo. Sisi wanao ulitupima kwa macho. Ile ilikuwa ovaroli ya mdogo wangu, kitindamimba wako, fundi wa pampu. Niliifua mwenyewe wiki iliyotangulia.

Nilikaa kitandani kwako nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Siku tatu alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, dawa yake imo kwenye chumba kilichojaa mashangazi, na ufunguo wa kabati ninao mimi, mtu wa mwisho ambaye angeweza kumwambia.

Nilimfuata, nikauweka mfuko juu ya kuni.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Asubuhi hii."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Wewe?"

"Mimi."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ya mwisho nilimeza siku aliyofariki mama," akasema. Nikamletea maji, akameza, nikabaki naye mpaka akatulia. Jumatatu nilimsindikiza kliniki. Baadaye alipopimwa, nesi alituambia virusi bado vimefubaa.

Asante, mama. Ulimshika mkono ukampeleka kupima, ukampa nafasi kwenye kikundi chako, ukamshonea mfuko. Bila hayo tungemzika yeye kabla yako, na tusingejua kwa nini.

Jana nilimsomea maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini, nikamwambia sehemu yake nitaiondoa. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Awamu hii ni zamu yake kuwachukulia wenzake.

"Iache, dada," akasema. "Mama alinibebea siri hii peke yake, inatosha."

Unakumbukwa na wanao watatu, wakwe zako na wajukuu wako saba. Na dada yako. Na wifi yako, ambaye hadi leo anauliza wale wageni walikuwa wanangoja nini. Na watu wanne ambao wako hai na wako kazini asubuhi hii.

Daima tutakukumbuka, mama, na daima tutakushukuru.