Sinema za Mizimu Nilizomwekea Onodera

Kawanishi, Niigata,
Japani.
19 Agosti 1988.

Mpendwa binamu Eikichi,

Natumai barua hii itakukuta hai, maana kwa umri wetu salamu hiyo si ya adabu tu. Mguu umepungua uvimbe? Mkeo hajambo? Huko Brazili mna baridi, sisi huku tunachemka kama maharage. Mimi mzima, ila meno yamebaki manne na hayaelewani.

Umeniuliza sinema gani za zamani za kutisha uwaoneshe wazee wa klabu yenu. Hapo umefika kwa mwenyewe. Miaka thelathini nimezungusha mashine ya sinema, na kila kiangazi kazi yetu ilikuwa kuwapa watu mizimu ili wasisimke, mwili upoe.

Anza na Paka wa Ngazi ya Kumi na Tatu. Haina damu hata tone. Kuna ngazi, kivuli cha mkia ukutani, na bibi aliyekupa kisogo akilamba mafuta ya taa kama paka. Basi. Siku hizi wanachinja watu kama buchani, mtazamaji anaona njaa badala ya hofu.

Kisha weka Daraja la Ukungu. Dakika kumi nzima huoni kitu ila mwavuli unaokuja wenyewe. Funga mapazia, na sauti iwe chini.

Ya tatu ni Mfumaji wa Bondeni. Mume anamfukuza mke mwema, mke anakufa, halafu mtambo wake wa kufumia nguo unaanza kugonga kwenye chumba kitupu. Hii nimeichagua kwa ajili ya Onodera.

Unamkumbuka, yule shemeji aliyemrudisha dada yangu Kinue kwetu mchana kweupe, kabati lake la nguo juu ya mkokoteni, mtaa mzima ukitazama, eti hazai. Kinue hakumaliza majira mawili ya theluji. Miaka arobaini na moja, Onodera hajakanyaga kaburini kwake. Sasa ni mwenyekiti wa mtaa, na ndiye aliyeniomba nioneshe sinema ukumbini wakati huu wa kuwakumbuka wafu. Mjinga kajiletea mwenyewe.

Siku ya paka alikaa mbele kabisa. Katikati ya sinema pepeo lake la mkono likaacha kupepea. Nikajua ameiva.

Nawe unaijua desturi yetu watu wa sinema: ukitaka kuonesha kisa cha mke aliyedhulumiwa, kwanza unafukiza ubani kaburini kwake, usije ukavunjika shingo. Nikamwambia mbele ya kina mama waliokuwa wakimenya matikiti:

"Mwenyekiti, kabla ya Mfumaji lazima tufukize ubani kaburini, na mwenye shughuli ndiye huenda."

"Niende wapi? Mfumaji si mtu wa kubuni?"

"Ndiyo maana tuazime kaburi. Mke aliyefukuzwa tunaye mmoja, pale mlimani."

Kina mama wakamgeukia. Bibi Sugai, ambaye ulimi wake unajua kukata kuliko kisu chake, akasema, "Nenda tu, mzee. Usipoenda, mimi siingii ukumbini. Nani atakaa karibu na wewe?"

Akaenda saa tisa alasiri, jua kali, nami nyuma yake na ndoo. Nikampa brashi asugue jiwe. Aliposugua mbele, nikamwambia, "Na nyuma pia, kuna kuvu." Akasugua. Jasho au machozi, sikumuuliza. Sikumhurumia, Eikichi, na usinihubirie.

Akawasha ubani, akainama mpaka paji la uso likagusa changarawe. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tokuji, unadhani ameridhika?"

"Sijui, shemeji," nikamjibu. "Sinema zimebaki sita, na kila moja ina mke wake aliyedhulumiwa."

Msalimie mkeo Hatsue, na dada Yoshino, mwambie bado ananidai tusi moja. Wahenga wetu wakulinde, na wasikuite mapema.

Ni mimi, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,
Tokuji Hatano